Tumbo si siri

Sisi vijana wakimbizi wa hapa Busiu tumechoka kusikia mama zetu wakijibu "tumbo tu" mbele ya musawo. Musawo anauliza kwa Kiingereza ao Luganda, na sisi watoto ndio tunatafsiri. Sasa mama atamwelezaje mtoto wake wa kiume habari za choo? Anasema "iko sawa", anapewa dawa ya minyoo, tunarudi nyumbani.

Lakini choo kinasema mengi. Kikiwa cheusi kama lami, inaweza kuwa ni damu inayotoka tumboni, hasa kwa mtu anayemeza dawa za maumivu kama diklofenaki kila siku. Vidonge vya kuongeza damu navyo vinakifanya cheusi. Bila kuuliza, utajuaje? Na kikiwa maji matupu kama ya kuoshea mchele, inaweza kuwa kipindupindu: hapo hakuna kungoja kesho.

Ndugu wa mashirika, tutafutieni wakalimani watu wazima, mama kwa mama. Musawo, uliza pole pole, pembeni: tangu lini, mara ngapi, rangi gani, kuna damu? Na sisi vijana, mkalimani akipatikana, tutoke nje. Aibu haijamponya mtu.