Kuku anakula dagaa, mtoto anakunywa uji mweupe

Vijana wenzangu, leo siongelei mbegu wala mbolea. Naongelea kitu ambacho naona tunakikosea majumbani huku shambani tunakipatia.

Kijana wa Kahama au Katoro akinunua vifaranga, anajua wiki za mwanzo wanahitaji protini nyingi. Anachanganya pumba, mashudu, soya na dagaa wa Ziwa Victoria. Anajua akibana chakula watadumaa, na ugonjwa ukiingia bandani watakufa kibao. Ukija nyumbani kwake, mtoto wa mwaka mmoja anakunywa uji wa sembe na sukari, asubuhi na jioni. Dagaa wapo stoo, ila ni wa kuku.

Halafu mtoto akishikwa na nimonia tunasema kapigwa na baridi. Nimonia inaletwa na vijidudu vinavyoshambulia mapafu. Duniani inaua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka 5 kila mwaka, na utapiamlo ni moja ya sababu kubwa zinazofanya iue. Mwili usio na protini, zinki na vitamini A ya kutosha unatengeneza kinga dhaifu. Misuli ya kifua nayo inalegea, hivyo mtoto hawezi kukohoa kwa nguvu na kutoa makohozi. Akiugua hamu ya kula inakata, anazidi kukonda, na ugonjwa unaofuata unamkuta dhaifu kuliko mwanzo.

Kwetu hapa tunalima mpunga, mahindi, viazi, dengu, choroko na karanga. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 Tanzania wamedumaa. Kwa maoni yangu, kwa mkulima wa biashara shida mara nyingi sio shamba. Shida ni kwamba choroko tunaiita hela, na ugali tunauita chakula.

Hebu tupige hesabu. Mtoto akipata gramu 30 za choroko kavu kwa siku, mwaka mzima ni kama kilo 11. Karanga gramu 20 kwa siku ni kilo 7 na kidogo. Jumla ni kilo 18 hivi, yaani haifiki hata robo ya gunia la kilo 100. Ongeza mboga za majani, yai pale kuku wanapotaga, na viazi lishe vile vya rangi ya chungwa kwa ajili ya vitamini A. Karanga zisagwe, maana nzima zinaweza kumkaba mtoto. Dagaa nunua safi, osha mchanga, kausha, saga, weka kijiko kwenye uji. Usichote wale wa chakula cha kuku. Mtoto ambaye hajafikisha miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake.

Najua kuna atakayesema bei ikipanda lazima auze. Sawa, uza. Lakini debe la mtoto litengwe siku ya kupura, kabla mnunuzi hajafika na mizani. Na baba usisubiri mama aombe. Mwenye kauli juu ya gunia ndiye mwenye wajibu wa kutenga.

Chanjo ya nimonia ipo nchini tangu 2013, mtoto anachomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mpeleke, lakini chanjo haizibi pengo la chakula. Na ujue dalili: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Aliyekonda sana anaweza kuwa na nimonia bila hata homa kupanda, kwa hiyo usisubiri achemke.

Tunaandika kila kilo ya chakula cha kuku kwenye daftari. Msimu huu, ukurasa wa kwanza uwe wa debe la mtoto.