Meta ya Kukunja ya Baba

Kwa mafundi seremala wengine wa Kalehe huenda bado ikaonekana meta ya mti ya kukunja, iliyofifia rangi kwa kushikwa miaka mingi. Baba alifanya kazi nayo, na sasa mwana ameirithi. Je, aitumie?

Wazee wetu walipima kwa mwili: shibiri, dhiraa na pima. Lakini mkono wa huyu si sawa na mkono wa yule, na hapo ugomvi huzaliwa. Mwaka 1875 nchi 17, Ubelgiji ikiwamo, zilitia sahihi mjini Paris mapatano juu ya meta, ili kipimo kiwe kimoja kwa wote.

Meta ya kukunja ya kawaida ina vipande 10, kila kimoja sentimeta 20, nayo yote ni meta mbili. Viungo vyake basi ni 9. Kila kiungo kikilegea nusu milimeta tu, kosa hufika milimeta 4 na nusu. Tena ncha yake huliwa kwa kugongwa, hata sifuri ikapotea. Fundi hana hila, lakini chombo chake kinasema uongo.

Jambo hili si dogo kwetu. Mwezi wa Mei 2023 mafuriko yaliikumba Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa, na nyumba nyingi zikachukuliwa na maji. Aliyepotewa na vyote, akanunua ubao kwa fedha ya kukopa, atafanya nini ubao huo ukikatwa mfupi? Hakuna gundi ya kuurefusha. Kitabu cha Walawi kinakataza udhalimu katika kupima urefu, kama kinavyoukataza katika mizani.

Kwa hiyo, kijana, ikunjue meta ya baba karibu na meta mpya, uzilinganishe alama kwa alama. Ikiwa ncha tu imeliwa, anzia kwenye sentimeta 10, kisha uzitoe hizo 10 katika hesabu. Ikiwa viungo vimelegea, itundike ukutani iwe ukumbusho, ukanunue nyingine. Baba yako hakuipenda kwa kuwa ilikuwa nzuri machoni. Aliipenda kwa sababu milango yake ilifungika.