Kabla hujanyunyiza dawa kwenye sukuma

Mvua ya vuli ikibisha hodi Nairobi, mtaa wetu wa Buruburu hujaa majembe nyuma ya nyumba. Mwenye kipande cha ardhi hulima, naye asiye nacho hujaza gunia udongo na samadi, akiacha nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini. Sukuma, mchicha, kunde, dania. Kuanzia Oktoba hadi Desemba mbingu hutusaidia kunyunyizia.

Lakini, mpenzi msomaji, leo sina haja na mbegu. Nataka tuzungumze juu ya ile chupa ya dawa ya wadudu uliyoificha juu ya kabati.

Mwaka juzi sukuma zangu zilivamiwa na vidukari. Majani yalijikunja yakawa kama masikio ya mgonjwa. Nilikimbilia dukani, nikanunua dawa, na Jumamosi asubuhi nikanyunyiza bila hata kusoma maandishi ya chupa. Vidukari walikufa, sikatai. Jumanne yake kifunga mimba wangu aliingia jikoni na kitu kiganjani. Alikuwa chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda na manyoya yanayometameta juani.

"Mama, amelala?"

Siwezi kuapa kwamba ni dawa yangu iliyomuua. Ila nilikuwa nikimwona kila asubuhi akidonoa vidukari kwenye majani yale yale, na majani hayo ndiyo niliyokuwa nimechuma kwa chakula cha jioni. Niliyatupa. Usiku huo tulikula ugali kwa mayai, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Tangu hapo vidukari nawamwagia maji ya sabuni, tena chini ya jani, kwa maana ndiko wanakojificha. Jani lililoharibika kabisa nalikata. Kazi iliyobaki nawaachia ndege. Wale mnana wa manjano tunaowajua kwa kelele na kusuka viota hula mbegu, ni kweli, lakini wakiwa na makinda huwalisha wadudu, na kiwavi mnono wa sukuma ni nyama tosha. Kama huna budi kunyunyiza, soma chupa uone ni siku ngapi zipite kabla ya kuchuma, na uzihesabu.

Chozi nao huvutwa na maua yenye asali. Nimepanda mshubiri katika sufuria kuukuu iliyotoboka, na ukichanua hawakosi. Kando yake nimeweka karai la maji yasiyo na kina. Maji hayo yabadilishe kila baada ya siku mbili, la sivyo utakuwa unafuga mbu.

Wanafunzi nao wainue macho. Kati ya Septemba na Oktoba mbayuwayu hufika kutoka Ulaya, na hukaa nasi hadi kama Machi au Aprili. Anayetaka kujifunza zaidi ajue kuna matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi, yanayoanzia Makavazi ya Taifa, ambayo Bi Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwaka 1971.

Msinielewe vibaya, si kila ndege ni rafiki wa shamba. Pasa, wale wa kahawia wenye kishungi na mkia mrefu, wanaotambaa matawini kama panya, walinimalizia miche ishirini na minne kwa siku mbili. Baba watoto alitaka kuwachongea vijana manati. Nilikataa, nikashona mapazia mepesi ya zamani na kuyatandaza juu ya kitalu, yakiwambwa vizuri kwa vijiti na mawe ili ndege asinaswe. Miche ikikomaa nayaondoa.

Nilipokuwa nikiandika haya pasa watano walikuwa wamejipanga juu ya ukuta, wakilitazama pazia langu. Mwenye mbinu nyingine aniandikie, nami nitaichapisha hapa.