Mandhari ya Mji Mkongwe ni mtaji, ipimwe kabla ya kujenga

KATIKA hesabu za kampuni yoyote inayojenga ukingoni mwa bahari hakuna safu ya mandhari. Ipo bei ya kiwanja, saruji, nondo, riba ya benki na mapato yanayotarajiwa kwa kila chumba. Kile anachokiona mgeni akiwa ndani ya boti inayokaribia bandari ya Malindi, Zanzibar, hakimo, kwa kuwa hakuna aliyekinunua. Lakini hicho ndicho kinachowavutia wateja wa mwenye nyumba ya wageni Shangani, muuza vinyago wa mtaa wa Gizenga na mchoma mishikaki wa Forodhani.

Kwa hiyo tathmini ya athari za ujenzi kwa mandhari si suala la wasanifu majengo na wahifadhi peke yao. Ni suala la soko. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 600,000, na utalii ndio unaoingizia visiwa hivyo sehemu kubwa ya fedha za kigeni. Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Jina hilo ni nembo ambayo mfanyabiashara mdogo anaitumia kila siku bila kulipa ada.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa sasa. Serikali ya Zanzibar imekwisha kutangaza nia ya kujenga bandari ya mizigo Mangapwani, kaskazini ya mji. Makontena yakihama, ardhi ya Malindi itapanda thamani na wenye fedha wataitaka. Hatua chache kutoka hapo, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na kuupa mji sura yake upande wa bahari, liliporomoka kwa sehemu Desemba 25, 2020. Kitakachojengwa kati ya Malindi na Shangani ndicho kitakachoamua sura ya mji kwa miaka 50 ijayo.

Tathmini yenyewe si uganga. Kwanza huchorwa ramani ya eneo lote ambako jengo litaonekana. Pili huchaguliwa vituo vya kutazamia, yaani mahali ambapo watu hupita na kusimama kweli. Tatu hupigwa picha kwa kimo cha macho ya mtu, kisha jengo linalopendekezwa hubandikwa juu ya picha kwa vipimo sahihi. Mwisho hupimwa mambo mawili: ukubwa wa mabadiliko na thamani ya mandhari inayobadilishwa. Jengo la ghorofa sita nyuma ya maghala laweza kuwa jambo dogo. Jengo hilohilo kando ya Ngome Kongwe ni jambo kubwa.

Penye vipimo hapakosi ujanja. Lenzi pana husukuma jengo nyuma na kulifanya lionekane dogo kuliko litakavyokuwa. Kituo cha kutazamia kikiwekwa nyuma ya mti, jengo hutoweka. Na mara nyingi picha hupigwa kutoka barabarani tu, ilhali Mji Mkongwe ni mji wa kutazamwa kutoka baharini, ambako minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu na mapaa ya majumba ya zamani huonekana kwa pamoja. Tathmini isiyo na picha iliyopigwa kutoka baharini ni sawa na hesabu za duka zisizo na daftari la madeni.

Tatizo jingine ni nani anayemlipa mtathmini. Kwa kawaida anayetaka kujenga ndiye anayemwajiri mtaalamu. Hakuna mfanyabiashara anayeamini hesabu zilizokaguliwa na shemeji wa mwenye kampuni, na hapa pia tahadhari hiyo inafaa.

Wanaodhani kwamba haya ni maneno ya wazungu wa makumbusho waitazame Liverpool, Uingereza. Mji huo uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004 kwa ajili ya gati na maghala yake. Mwaka 2012 halmashauri iliridhia mradi wa Liverpool Waters, wa paundi bilioni 5.5 kwenye hekta 60 za bandari ya zamani, wenye maghorofa marefu. Mwaka huohuo mji uliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, wakati maghorofa hayo yalikuwa bado ni michoro tu. Julai 2021 jina lilifutwa kabisa. Hasara ilianzia kwenye karatasi kabla ya jiwe la msingi.

Wapo watakaojibu kwamba Liverpool haikufa, na hilo ni kweli. Uwanja mpya wa Everton umejengwa palepale kwenye gati ya Bramley-Moore, na wageni bado wanakwenda. Lakini Liverpool ina timu mbili kubwa za mpira, vyuo vikuu na bandari ya kimataifa. Tajiri wa maduka matano anaweza kufunga moja na kulala usingizi. Mwenye genge moja hawezi.

Zanzibar yenyewe imekwisha kuonja jambo hili. Hoteli iliyounganishwa na jumba la Mambo Msiige, Shangani, ilifunguliwa mwaka 2015 baada ya Kamati ya Urithi wa Dunia kueleza wasiwasi wake kuhusu mradi huo. Hoteli imeleta ajira na kodi, na hakuna wa kulibeza hilo. Ila mjadala wa mandhari ulipopamba moto, fedha zilikuwa zimekwisha kuingia ardhini, na aliyekwisha kumwaga zege hasikilizi ushauri.

Njia iliyo salama kwa pande zote ni kupanga mapema. Mamlaka ya Mji Mkongwe, na siyo mjenzi, ichague vituo vya kutazamia, viwili au vitatu vikiwa baharini. Kimo cha mwisho kwa kila kiwanja kitangazwe kabla ya zabuni, ili mwekezaji anunue ardhi akijua anachokinunua. Picha za tathmini zibandikwe Forodhani kwa mwezi mzima zikiwa na maelezo ya Kiswahili, wenye maduka wazione na kutoa maoni. Mwekezaji makini hatachukia masharti hayo, kwani kinachomtia hasara ni sharti linalokuja katikati ya ujenzi.

Nao wenye hisa na akiba ndogo, wanapoletewa mradi wa ukingoni mwa bahari wenye faida ya kuvutia, waulize swali moja kabla ya kutoa fedha: picha ya kutoka baharini iko wapi? Kama haipo, hesabu za mradi huo hazijakamilika.