Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Upasuaji wa matundu madogo ufike hospitali za mikoa

Mheshimiwa Waziri,

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, katika hospitali ya rufaa ya mkoa ambayo sitaitaja jina. Sasa nimestaafu. Ninaandika kwa sababu upasuaji wa matundu madogo, kwa wagonjwa wengi wa nchi hii, bado ni huduma ya kusafiria mbali, na wanaouhitaji kuliko wote ni hao hao wasio na nauli.

Wizara yako inaufahamu upasuaji huu, kwa hiyo maelezo haya ni ya wananchi watakaoisoma barua. Daktari hutoboa tumbo matundu matatu au manne, kubwa kuliko yote likiwa na upana wa sentimita moja hivi. Tumbo hujazwa hewa ya ukaa ili liinuke na kuacha nafasi, kamera huingizwa kwenye tundu moja, na daktari hukata na kufunga huku akitazama skrini. Mfuko wa nyongo wenye mawe hutolewa hivyo. Kidole tumbo pia, na uvimbe wa ovari, na mimba iliyotunga nje ya kizazi iwapo mama hajapoteza damu nyingi. Daktari Erich Mühe wa Böblingen, Ujerumani, aliutoa mfuko wa nyongo kwa njia hii mwaka 1985, na madaktari wenzake wakambeza. Imepita miaka 40. Muhimbili, KCMC na Bugando wanaifanya kazi hii, na wanaifanya vizuri.

Mimi najua zaidi yanayotokea baada ya daktari kuvua glovu. Mgonjwa aliyepasuliwa nyongo kwa njia ya kawaida anarudi wodini na mshono mrefu chini ya mbavu za kulia. Kila akivuta pumzi panauma, basi anavuta nusu nusu, na makohozi yanaanza kujikusanya mapafuni. Tulikuwa tunakunja kanga, tunaibana juu ya mshono kwa viganja viwili na kumwambia, "Kohoa mama, kohoa, nimekushika." Anakohoa huku machozi yanamtoka. Siku ya kufungua bandeji, muuguzi mzoefu hujua kwa harufu, kabla hajaona, kama kidonda kimeingia usaha. Kikiingia, ndugu anatumwa dukani kununua gozi, na mgonjwa aliyetarajia kwenda nyumbani anaanza kuhesabu siku upya. Nje ya wodi ndugu wengine wamelala kwenye mikeka, wamefunga biashara zao ili wamuuguze.

Akiruhusiwa, tunamwambia asinyanyue kitu kizito kwa wiki sita hivi. Ndoo ya maji ni nzito. Jembe, mtoto wa mgongoni, gunia la mkaa, vyote vimo. Nimewahi kumpa maelezo hayo mama mkulima wakati wa palizi; akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaitikia, na wote wawili tukajua kwamba hatayafuata. Baadhi yao walirudi kwetu na ngiri pale pale penye mshono.

Aliyefanyiwa kwa matundu madogo, mambo yakienda sawa, mara nyingi huondoka kesho yake, na baada ya wiki moja au mbili yuko kwenye shughuli zake. Ndiyo maana huwa sikubaliani kabisa na wanaouita upasuaji huu anasa ya wenye uwezo. Mwenye mshahara anaweza kulala nyumbani wiki sita na mwisho wa mwezi pesa ikaingia. Mbeba mizigo wa sokoni hawezi.

Hospitali niliyofanya kazi iliwahi kupata mashine hizi, Mheshimiwa. Zilipokewa kwa furaha, na daktari bingwa aliyekuwa amesomea akaanza kazi. Wagonjwa wa mwanzo walitembea kwenda msalani jioni ile ile, na sisi wauguzi tukawa tunaitana kuwatazama. Kisha gesi ikaisha, na kwenye bajeti hapakuwa na fungu la gesi. Gesi ilipopatikana, taa ya kamera ikaungua na hapakuwa na fundi wala taa ya akiba. Halafu daktari akahamishwa. Mashine ikasukumwa stoo na kufunikwa shuka, na wagonjwa wa nyongo wakarudi kwenye mshono mrefu. Hakuna mtu mmoja aliyefanya uovu hapo; kila ofisi ilitimiza sehemu yake, na sehemu hizo hazikuwahi kukutanishwa.

Nayajua maneno ya wataalamu ninaowaheshimu: tusiwaze kamera wakati damu ya akiba haitoshi na upasuaji wa kujifungulia unachelewa. Hoja hiyo ni nzito. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilieleza kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji salama wanaoumudu, na upasuaji wa kujifungulia ulikuwa miongoni mwa vipimo vyake vikuu. Lakini tuangalie matundu madogo yanadai nini. Yanadai mtaalamu wa usingizi aliyebobea, kwa sababu mgonjwa hulazwa nusu kaputi. Yanadai kifaa cha kupima hewa ya ukaa katika pumzi yake, maana gesi ya tumboni huingia kwenye damu. Umeme usikatike. Vyombo vyembamba vitakaswe mpaka ndani. Na damu iwepo, pamoja na timu inayoweza kufungua tumbo dakika hiyo hiyo mambo yakiharibika. Mama wa kujifungua kwa upasuaji anahitaji karibu hayo yote. Hospitali isiyoweza kuyatimiza bado isipewe mashine; ipewe kwanza hayo. Inayoyatimiza haina sababu ya kusubiri.

Mongolia, nchi yenye watu wachache na umbali wa kutisha, iliutoa upasuaji huu mji mkuu na kuufikisha hospitali za majimbo kwa kufundisha timu kwa pamoja: mpasuaji, mtaalamu wa usingizi na muuguzi. Vijijini India wapo madaktari wanaoliinua tumbo kwa mkono wa chuma badala ya gesi, mgonjwa akiwa amechomwa ganzi ya mgongoni. Njia hiyo inafaa kujaribiwa hapa chini ya usimamizi wa vyuo vyetu. Na gesi yenyewe isiwe kisingizio. Kyejo, wilayani Rungwe, hewa ya ukaa inatoka ardhini na kuvunwa kwa ajili ya vinywaji. Ya hospitali lazima isafishwe kwa viwango vya tiba, hilo linajulikana, lakini nchi inayoivuna kwenye ardhi yake inaweza kupanga kuifikisha hospitalini.

Mpango wa Taifa wa Upasuaji, Uzazi na Dawa za Usingizi ulikuwa wa 2018 hadi 2025, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuwa na mpango wa namna hiyo. Muda wake umekwisha. Ninaomba mpango unaofuata uyataje matundu madogo katika hospitali za rufaa za mikoa, na kila mashine itakayonunuliwa iwe na fungu la gesi, vipuri na mhandisi wa vifaa tiba kwenye mkataba ule ule. Bingwa aliyefundishwa kwa kazi hii asihamishwe kabla hajamwachia mwingine ujuzi huo, na muuguzi wake pia. Na kwa kuwa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, kitita cha mafao kiulipie upasuaji huu kwa kiwango kitakachoiwezesha hospitali kuuendesha, kisije kikaifanya ipate hasara kila inapomwepusha mgonjwa na mshono mrefu.

Ombi la mwisho halihitaji fedha nyingi. Agiza kila hospitali ya rufaa ya mkoa ieleze kwa maandishi ina mashine gani za upasuaji huu, zipi zinafanya kazi, zipi ziko stoo na zimekwama kwa sababu gani. Taarifa hiyo itangazwe hadharani kabla ya bajeti ijayo kusomwa bungeni.

Wako mtiifu,
Muuguzi mstaafu, wodi ya upasuaji