Bangili Nyeupe ya Beijing

Ukijaliwa kufika Beijing siku ya Jumapili, hutakosa mtu wa kukuelekeza Panjiayuan. Soko hilo la vitu vya kale lilianza mapema miaka ya 1990, wachuuzi wakija kabla ya alfajiri na tochi mkononi, hata watu wakaliita soko la mizimu. Siku hizi lina vibanda zaidi ya 3,000. Birika, shanga za jade, beji za Mwenyekiti Mao, vitabu vikuukuu, sanamu za Buddha: macho huchoka kabla ya miguu.

Kati ya shanga hizo usishangae kuona bangili nyeupe kama maziwa. Ukimuuliza muuzaji, atakuambia si ya ndovu, ni ya mamothi, mnyama wa kale ambaye mabaki yake hufukuliwa katika barafu ya Siberia. Huenda ni kweli. Mamothi alikwisha kutoweka duniani, na mkataba wa CITES haumhusu. Lakini jina lake limekuwa blanketi la kufunikia mali ya wizi. Wataalamu hutazama mistari inayopishana kama wavu kwenye pembe iliyokatwa: karibu na ganda, ikikutana kwa chini ya digrii 90 ni ya mamothi, ikizidi digrii 115 ni ya ndovu. Je, wewe una jicho hilo?

Sheria haitakuuliza. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku 1989, na China ikafunga ya ndani mwishoni mwa 2017. Hapa kwetu, Januari 2014, mahakama ya Nairobi ilimtoza raia wa China faini ya shilingi milioni 20, au kifungo cha miaka saba. Alikuwa akitoka Msumbiji kwenda Guangzhou, na sandukuni mlikuwa na kilo 3.4 tu.

Hata hivyo, tusiwanyoshee Wachina kidole peke yao. Kikulacho ki nguoni mwako. Bunduki inayomwangusha ndovu Tsavo hushikwa huku huku, na shehena nyingi zimepitia bandari ya Mombasa.

Wako watakaosema, "Ndovu alikwisha kufa, nikiacha mimi, atanunua mwingine." Ndivyo asemavyo kila mnunuzi, na ndiyo sababu jangili harudi nyumbani. Julai 1989 Rais Moi aliteketeza tani 12 za pembe, na Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta akateketeza tani 105, ili ulimwengu ujue kuwa mali hiyo haina bei. Haiwezekani tuchome Nairobi kisha tununue Beijing.

Kwa hivyo, mwanafunzi unayekwenda kusoma huko, nawe mama unayefuata mzigo Guangzhou, zawadi ni tele: hariri, majani ya chai, birika la udongo. Bangili nyeupe ipishe, hata ukipunguziwa bei mara tatu.