Anakupenda, lakini atakusimamia?

Mwezi huu nakuandikia visigino vikiwa vimechubuka. Nimetoka Xi'an, China, na mji ule, shoga yangu, si wa viatu vya mchuchumio!

Mume wangu alikuwa amemaliza kufunga mzigo wake Guangzhou, akasema tuongeze siku mbili za kupumzika, sisi wawili tu. Nikakubali, ila moyoni nilikuwa na langu. Wiki mbili kabla ya safari, kwenye kikao cha familia, mawifi walinishukia kama mwewe: eti mchango wetu wa harusi ya mdogo wao ulikuwa mdogo. Kiasi kile alikipanga yeye. Lakini siku ile aliinamia simu yake, kimya. Kesho yake akaniletea kitenge. Kizuri, sikatai. Nikakitupia kabatini.

Basi bwana, saa mbili asubuhi mwongoza watalii wetu akatupitia hotelini, binti mcheshi mwenye Kiingereza cha haraka haraka. Kwenye gari akatueleza kuwa zamani mji huo uliitwa Chang'an, yaani amani ya kudumu, na kwamba koo zaidi ya kumi za kifalme ziliufanya makao makuu.

Tulianzia kwenye lile jeshi la udongo, kama kilomita 35 mashariki ya mji. Mwaka 1974 wakulima waliokuwa wakichimba kisima walikutana na vipande vya sanamu. Leo inakadiriwa kuna askari zaidi ya 8,000, waliozikwa ili wamlinde Qin Shi Huang, mfalme aliyeiunganisha China na kufariki mwaka 210 kabla ya Kristo. Jamani, picha hazisemi kweli! Unasimama juu ya shimo namba moja, unaangalia safu kwa safu za wanaume wa udongo, kila mmoja na sura yake. Mume wangu akaninong'oneza kuwa mmoja amefanana na mjomba wake. Nikacheka bila kupenda.

Kilichonikamata hasa kilikuwa Huaqing, kasri lenye chemchemi za maji moto chini ya mlima Li. Hapo ndipo mfalme Xuanzong wa ukoo wa Tang alipokuwa akistarehe na kipenzi chake, Yang Guifei. Alimzidi umri kwa miaka 34, na kabla yake binti huyo alikuwa mke wa mwanawe. Ndiyo, umesoma vizuri! Inasimuliwa kuwa alipenda litchi, yale matunda yanayofanana na shokishoki, basi farasi walikuwa wakipokezana mbio kutoka kusini ili yamfikie yakiwa mabichi.

Mwishoni mwa mwaka 755 jenerali An Lushan akaasi. Mwaka uliofuata mfalme akaukimbia mji na msafara wake. Walipofika Mawei, askari wake mwenyewe wakagoma. Wakamuua waziri mkuu, ambaye alikuwa jamaa wa Yang Guifei, kisha wakataka na yeye afe, kwa madai kuwa watu wa kwao ndio walioiponza nchi. Mfalme akakubali. Mwanamke akanyongwa.

Nikamuuliza yule binti, "Hivi huyo jenerali na huyo waziri aliwapa madaraka nani?" Akatabasamu. "Mfalme." Sikumtazama mume wangu. Sikuwa na haja.

Jioni tulikwenda mtaa wa Waislamu. Tukauona msikiti wao mkuu, uliojengwa kwa mtindo wa Kichina, hauna kuba hata moja. Tukaingia kula paomo. Unapewa mkate mgumu na bakuli, unaumega mwenyewe vipande vidogo vidogo, kisha wanaupeleka jikoni kuupika na mchuzi wa kondoo. Kazi hiyo haina haraka, na simu huwezi kushika. Tukamega, tukamega.

"Siku ile ningesema," akaanza.

"Utasema lini?"

Akaendelea kumega. Baadaye akaniambia, "Tukirudi."

Kiukweli sikumwamini. Maneno ya safarini si unayajua tena.

Lakini Jumapili iliyopita, mbele ya dada zake wote, alisema, "Ule mchango nilipanga mimi, msimuulize mke wangu." Maneno hayakufika hata kumi. Wifi mmoja amenuna mpaka leo. Atanunuka.

Mpenzi msomaji, zawadi ni tamu, na mimi nazipenda kuliko unavyodhani. Lakini kumletea mtu litchi, hata kwa farasi, ni jambo la chumbani kwenu wawili. Kusema "hili ni langu" mbele ya watu wako, wakati wamekasirika na wanatafuta wa kumlaumu, hapo ndipo penzi linapopimwa. Na kina dada, tusijisahau: sisi pia tuna mama na marafiki wanaowasema waume zetu, nasi tunainamia simu.

Kile kitenge nimekipeleka kwa fundi. Wewe je, wako alikusimamia lini? Tuandikie, na tukutane mwezi ujao.

Mhariri